Upande wa Nyuma wa Shuka

Katika sinema ya mji wa Salamina, shuka la picha lilitundikwa katikati ya ukumbi. Wenye nacho walikaa mbele, vitini. Akina yahe walikaa nyuma, kwenye mabenchi, wakaona kila kitu kimegeuka: bibi harusi akivishwa pete mkono usio wenyewe, na maandishi yaliyobeba maneno ya picha isiyo na sauti yakianzia mwisho. Ndiyo maana walimhitaji Otilia, binti wa Rosaura mfua nguo. Alijifunza kuyasoma vivyo hivyo yalivyogeuka, akawasomea kwa sauti.

Jumapili ile mchana alisoma huku akisubiri. Leonidas Arbeláez, mtoto wa mwenye mashamba ya kahawa, alikuwa amemwapia: "Picha ikifika katikati nitainuka mbele ya mama, nizunguke shuka, nije nikae nawe. Mji mzima uone." Asipokuja, basi yamekwisha; Otilia alikwisha kumwambia kwamba mapenzi ya vichochoroni yamemchosha. Lakini kuapa si kazi. Kazi ni kuinuka kitini.

Picha yenyewe ilikuwa ya kijana tajiri na mshona nguo, na mabenchi yalikwisha kumchukia mama wa kijana.

"Mchawi mkubwa!"

"Mwache, atazikwa na lulu zake!"

Ndipo kivuli kikasimama shukani, kikamfunika mshona nguo mzima. Otilia aliyajua masikio yale. Salamina nzima hakuna mwingine aliyejaliwa masikio kama mikono ya sufuria. Akasogea benchini kumwachia nafasi.

"Kaa chini wee, masikio!" watu wa nyuma walipiga kelele. "Na sisi tumelipa!"

Kivulini mkono wa mama wa Leonidas ukachomoza, ukamgusa bega. Haukumvuta. Ulimgusa tu. Kivuli kikasita kidogo, kikashuka, kikaketi.

Shukani, kijana tajiri alitoka kwao kwenye mvua bila koti, akabisha mlango wa mshona nguo. Maandishi yakaja.

"Soma, binti! Umemeza ulimi?"

"'Nimekuja,'" Otilia akasoma. "'Kwetu ni hapa ulipo.'"

Mabenchi yakalipuka kwa makofi na miluzi. Rosaura, ambaye macho yake yaliharibiwa na moshi wa kuchemshia nguo za watu, alimshika mwanawe goti.

"Amekuja, mwanangu? Amekuja kweli?"

"Wa kwenye picha, mama," alisema Otilia. "Ni wa kwenye picha tu."