Kodi ya Mbabazi Yala Majani Mudende

Mwaka ule wa 1999, Mbabazi aliacha kupika katika hoteli ya watu akafungua mgahawa wake mwenyewe Gisenyi, kando ya njia ya mpakani. Wachuuzi waendao Goma walimaliza chapati kabla jua halijachomoza vizuri. Mbabazi, mzaliwa wa Karagwe, hakuwahi kuwa na furaha kama ile.

Kitu kimoja tu kilimtia wasiwasi. Kule hotelini, bosi ndiye aliyemkatia kodi. Sasa ilikuwa juu yake, tena ingedaiwa kwa mkupuo mwishoni mwa mwaka. Basi kila alipofunga mgahawa alitia noti chini ya godoro. Lakini mara paa likavuja, mara shemeji yake Kagabo akaja kukopa, naye Mbabazi hakujua kunyima. Siku alipoinua godoro, alikuta vumbi.

Alimweleza Cansilde, mama aliyemletea viazi kutoka vilima vya Mudende. Cansilde alicheka hadi akaketi juu ya gunia.

"We binti, franga ikikaa mu nyumba inapata ndugu mingi. Nunua munyama, mi nitakuchungia."

"Mbuzi, mama?"

"Hapana! Mbuzi, siku wageni banafika bwana yako atamuchinja. Nunua kondoo. Bazee ya kwetu habakulake kondoo, hakuna atamuchinja."

Kwa mapato ya majuma machache Mbabazi akanunua kondoo jike, akamwita Kodi. Baadaye akaongeza madume wawili.

Haikupita muda, Kagabo akatokea. "Shemeji, unisaidie kidogo. Bon, nitarudisha."

"Shemeji, humu ndani sina kitu. Kodi iko Mudende, inakula majani."

Kagabo alimkodolea macho. Alipoelezwa, aliangua kicheko, akaagiza chai, na kwa mara ya kwanza akailipia.

Wakati wa kulipa ulipowadia, Mbabazi alipanda Mudende. Cansilde alimshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba. Kodi alikuwa amesimama kwenye majani, na wana-kondoo wawili wakimnyonya huku wakitikisa mikia.

"Mapacha!" Mbabazi alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka na majembe mikononi.

Wale madume wawili waliuzwa sokoni kwa wachuuzi wa Goma, kwa bei nzuri. Kesho yake alisimama mbele ya karani wa kodi, midomo ikikataa kufungika.

"Mama, hapa watu huingia wamenuna," karani akasema. "Wewe wacheka nini?"

"Nacheka kwa sababu pesa zimetosha, mwanangu. Na nyingine zimebaki."

Zile zilizobaki alinunulia unga na mafuta. Mchana ule hakuna aliyelipa mgahawani. Watu walikula chapati hadi nje barabarani, redio ikaongezwa sauti, na Cansilde, aliyeshuka na viazi vyake, akacheza katikati yao, mikono juu kama pembe za ng'ombe.