Mikia Mitatu ya King'amuzi

King'amuzi chetu kina mikia mitatu ya waya: mwekundu, mweupe na wa njano. Kimeishi na mikia hiyo miaka mingi na hakijawahi kumsumbua mtu. Siku ile nilikuwa nimepanda juu ya kiti, shavu limegandamana na ukuta, mkono umepenya nyuma ya televisheni mpya, napapasa matundu ya kuichomekea ile mikia. Hayakuwepo.

Mkono wenyewe ulipenya kwa shida kwa sababu ya fremu. Mimi nachomelea mageti na madirisha, na fremu ya kuning'iniza televisheni ile niliitengeneza mwenyewe. Baada ya kukaza nati nilizipiga moto zikashikana na boliti, ili mwizi akija, abebe na ukuta. Niliona nimefanya jambo la akili. Sasa televisheni ilikuwa haishuki, na kati yake na ukuta kiganja changu kilipita kikichubuka.

"Baba, bado?" mama mkwe wangu aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Bado kidogo, mama."

Hiyo "bado kidogo" nilikuwa nimeshaisema hadi imechuja. Mtu akiwa peke yake na waya anaweza kutukana, moyo ukapoa. Mbele ya mama mkwe unatukana nini? Nilimeza matusi yote, na yalikuwa mengi.

Alikuwa amesafiri kuja kwetu kwa jambo moja tu. Saa kumi jioni binti yetu angecheza fainali ya mpira wa wavu, katika mji mwingine kabisa, na kituo kimoja tu ndicho ambacho kingeonyesha, nacho kinapatikana kwa kebo. Binti yetu tunamwita Mlingoti kwa urefu wake. Bibi yake ndiye aliyemlea alipokuwa mdogo, na ndiye aliyemshushia kamba ya kuanikia nguo ili apate wavu wa kurushia mpira. Lakini hajawahi kumwona akicheza mechi hata moja, maana magoti yake hayawezi mambo ya viwanjani. Aliniambia kwenye simu, "Nikimwona hata mara moja, baba, nitashukuru." Mimi nikamjibu kwa mbwembwe, "Mama, utamwona mpaka jasho." Ndipo nikaenda kununua televisheni kubwa.

Na ile ya zamani? Nilimpa kinyozi asubuhi hiyohiyo. Kinyozi amepanga chumba cha mbele katika jengo letu, tunatenganishwa na ukuta mmoja. Mke wangu alinionya.

"Subiri kwanza hii mpya iwake."

"Televisheni mbili za nini? Tunafungua duka?"

Nikaibeba begani, nikaitua mbele ya wateja wake na kusema kwa sauti, "Chukua! Mimi haya mambo ya televisheni zenye kisogo nimeachana nayo." Watu wakacheka. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Mimi asubuhi ile niliishia kwenye kinyemi.

Nilishuka kwenye kiti nikajaribu njia nyingine. Nilifungua ule waya mnene wa kebo kutoka kwenye king'amuzi, nikauchomeka moja kwa moja kwenye televisheni. Angalau huo ulikuwa na tundu. Nikabonyeza kutafuta vituo. Kikatokea kimstari, kikatambaa kama konokono mgonjwa, kikafika mwisho. Vituo vilivyopatikana: sifuri. Bila king'amuzi vituo vyote vimefungwa, hilo nilikuwa nalijua, lakini mtu aliyeshikwa na maji hushika hata povu.

Nikaurudisha waya kwenye king'amuzi, nikapiga simu kwa watu wa kebo. Sauti ya mashine ikanikaribisha kwa upole, ikanipigia muziki. Muziki ukaisha, ukaanza tena. Hatimaye akapokea dada mmoja.

"Naomba uzime king'amuzi chako, kisha ukiwashe tena."

"Dada, king'amuzi kinawaka. Taa yake hii inanikodolea macho. Tatizo ni mikia."

"Mikia gani, mteja wetu?"

Nikamweleza. Akasema, "Naomba uangalie nyuma ya televisheni, kuna matundu gani?"

"Nyuma siwezi kuangalia. Nimeichomelea."

"Umeichomelea?"

Simu ikakatika. Au ilikatwa, sijui.

"Ngoja tuangalie kwenye yangu," mke wangu akasema, akafungua simu yake. Kilitokea kiduara kinazunguka. Tulikiangalia wote watatu. Kilizunguka vizuri sana.

Nikatoka mbio hadi duka la vifaa vya umeme. Muuzaji alikuwa anakunja vitu vyake afunge mapema. Nikamwambia king'amuzi changu kina mikia mitatu, na televisheni ina tundu moja bapa la pembeni, anipe cha kuunganisha.

"Kipo," akasema. "Unatoa wapi kupeleka wapi?"

"Nimekwambia nataka kuunganisha."

"Ndiyo, mzee, lakini picha inatoka upande gani?"

"Kijana, kuunganisha ni kuunganisha! Nipe hicho hapo."

Ndivyo nilivyozoea. Chuma ukikiunga na chuma hakikuulizi kinatoka wapi kwenda wapi, kinashika tu. Nikanyakua kidude kilichokuwa mbele yangu, cheusi, kina matundu matatu ya rangi upande huu na tundu bapa upande ule. Niliporudi kila kitu kikaingia mahali pake, nikatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mchana. Nikawasha. Kioo chote kikawa cha bluu, katikati maneno: HAKUNA MAWIMBI. Nikachomoa, nikachomeka. HAKUNA MAWIMBI. Nikakipiga kofi.

Mke wangu akakichukua, akakisogeza dirishani. "Kuna mshale hapa. Hiki kinatoa kwenye bapa kinapeleka kwenye rangi. Sisi tunataka kinyume chake."

"Kwani kikirudi nyuma kitakufa?"

"Hakirudi."

Duka lilikuwa limeshafungwa. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na ushei. Nilikaa chini sakafuni. Televisheni kubwa, ya bluu, ilinining'inia kichwani kama geti lisilofunguka, na nililichomelea mwenyewe.

"Baba," akasema mama mkwe, "ile iliyokuwa pale pembeni zamani iko wapi?"

Mke wangu akajibu kwa furaha iliyonikera. "Amempa kinyozi, mama. Leo asubuhi. Kwa hotuba."

"Kinyozi wa hapo mbele?" Mama mkwe akaanza kujiinua. "Basi bebeni hicho king'amuzi twendeni."

"Mama, nimeshampa mtu. Nitarudije kwa mtu niliyempa zawadi? Watanicheka mtaa mzima."

"Tunakwenda kuangalia, hatuendi kunyang'anya. Na kucheka watacheka, ndiyo. Kwani kicheko kinatoboa?"

Fundi aliyetuvutia kebo zamani aliacha waya umeviringwa nje ya dirisha, mwingi tu, nami kila siku nilikuwa nikimlaumu kwa uchafu ule. Nikaukunjua. Ulifika dirishani kwa kinyozi na kubaki.

Kinyozi alinyanyua mashine kutoka kwenye kichwa cha mteja. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeisha, mwingine bado msitu.

"Baba Mlingoti! Umekuja kuchukua kisogo chako?"

"Nyamaza. Nipe nafasi."

"Asubuhi alikuwa ameachana nacho," mteja akasema bila kugeuka.

"Wamerudiana," kinyozi akasema. "Watoto ndio wanaoumia kwenye talaka."

Niliwaacha waseme. Nikapiga magoti nyuma ya ile televisheni. Matundu yale pale, yana vumbi letu. Mwekundu, mweupe, wa njano: yote ikaingia kama miguu kwenye kandambili za nyumbani. Mteja alipisha, mama mkwe akakalishwa kwenye kiti cha kunyolea, kile kinachopanda na kushuka, na kinyozi akampandisha mpaka akaona vizuri.

Picha ikaja. Ukumbi, wavu, wasichana wanaruka.

"Mbona wote wa kijani?" mama mkwe akauliza.

Hilo kinyozi sikumwambia asubuhi. Ndiyo sababu hasa nilitaka kuachana nayo. Nikaigonga ubavuni, palepale ninapopajua, rangi zikarudi. Nilipoondoa mkono wasichana wakawa wa kijani tena. Nikaugandamiza ubavu ule kwa kiganja changu chenye michubuko. Rangi zikatulia.

"Hapohapo!" wote wakapiga kelele. "Usiachie!"

Kwa hiyo nilisimama pembeni ya televisheni, mkono umebana, uso kwa watazamaji. Nilipoinamisha shingo kuchungulia kioo, mkono ulilegea na wote wakanizomea. Nikaacha.

Mtangazaji alisema timu inabadilisha mchezaji. Mke wangu akaziba mdomo.

"Huyo," mama mkwe akasema. "Huyo, huyo! Mwangalieni alivyorefuka!"

Nikasikia mpira ukipigwa, kisha ukumbi ukaguna.

"Umegonga wavu," kinyozi akanong'ona.

"Hata kwenye kamba yangu ulikuwa unagonga kwanza," mama mkwe akasema. "Ngojeni."

Wakangoja, na mimi nikangoja, mkono unakufa ganzi, namlaani aliyebuni mishale, na matundu bapa, na mimi mwenyewe niliyeshika moto asubuhi. Mechi ikaendelea. Mpira ukapigwa tena, na safari hii ukumbi ukalipuka. Mteja wa nusu kichwa akaruka na shuka lake shingoni, nywele zikatapakaa sakafuni. Mama mkwe hakuruka. Alishika mikono yote miwili ya kile kiti, machozi yanamshuka, hapepesi macho.

"Baba, umemwona?"

Nilikuwa nimeona shuka la mteja, kioo cha kinyozi na makopo ya poda.

"Nimemwona, mama."

"Basi usiachie. Bado anacheza."