Machela Iliyofungwa Fupi

Machela ya baba yangu ilikuwa na kamba nyingi kuliko haja. Nasema hivi nikimpenda mama aliyeishona, Mungu amlaze pema, maana Zuleide alikuwa mwanamke wa kuzidisha: chumvi alizidisha, maneno alizidisha, na kamba vilevile. Aliishona kwa magunia ya unga, kitambaa juu ya kitambaa, ili baba awe na pa kulala msituni msimu wa kuokota kastanya, zile njugu za miti mikubwa. Kila upande nyuzi zilikusanyika kwenye kitanzi kimoja, na kwenye kitanzi hicho akafunga kamba mbili ndefu. Sababu alikuwa nayo. Mikastanya ni miti mikubwa na haioti jirani jirani, na mama hakutaka mumewe akose pa kujitundika.

Lakini miaka hii hatulali tena kati ya miti. Kambini tuna kibanda cha makuti, na nguzo zake zimekaribiana. Basi kila jioni baba alizungusha kamba kwenye nguzo, akafunga, akajaribu kukaa, makalio yakagusa ardhi, akafungua akaanza upya. Sisi tulikuwa tumekwisha kula samaki wetu wa chumvi na unga wa muhogo, yeye bado anahangaika.

"Mzee Anselmo, kwa kamba hizo si ungefunga boti kabisa?" shemeji yangu Lindomar alimchokoza.

"Nitaanza na mdomo wako," baba alijibu. "Kikibaki kipande, nitafunga boti."

Mume wangu Jurandir, ambaye ni kaka yake Lindomar, alijitolea mara kadhaa kuzikata. Kitanzi kimoja huku, kimoja kule, misumari miwili, kwisha kazi. Baba hakutaka hata kusikia. Mama alizisokota kamba zile juu ya paja lake msimu wake wa mwisho, kifua kikiwa kimeshamshika, na baba alikaa mbele yake akimshikia ncha. Mwenye kumwambia akate alikuwa kama anamwambia aiachie ile ncha. Kwa hiyo tuliacha kumwambia.

Halafu ukaja usiku wa upepo mkali. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba baada ya upepo huingii chini ya mkastanya mpaka jua lipande na matunda yaliyolegea yamalize kuanguka. Tunda lile ni gumu kama chuma na linatoka juu sana. Baba ndiye aliyenifundisha hayo, tena kwa kofi. Asubuhi hiyo alikwenda kuchukua kikapu chake alichokisahau shinani. Alisema anaingia na kutoka. Tulisikia mshindo, kisha tukamsikia yeye.

Tunda lilimpata pajani alipoinama. Mfupa ulikuwa umevunjika, hilo hata mtoto angeliona, na paja likaanza kuvimba mbele ya macho yetu. Jasho lilimtoka naye anatetemeka kwa baridi. Siku hiyo boti ya Waldemir, mchuuzi wa mtoni, ilikuwa ishuke kwenda mjini. Ikitupita, nyingine ni mpaka wiki ijayo, na kwa rangi aliyokuwa nayo baba usoni, wiki ijayo ilikuwa mbali mno.

Tulimlaza ndani ya machela yake, tukakata mti mnyoofu, tukaifunga huku na huku. Jurandir nyuma, Lindomar mbele, mimi ubavuni na panga la kufyekea njia.

Kwetu mgonjwa na maiti wote hubebwa kwa machela, tofauti iko kwenye kamba. Mgonjwa hufungwa kwa kulegezwa, alale vizuri, uso wazi, aone majani yakipita juu yake. Maiti hufungwa fupi. Vitanzi huvikwa kwenye mti wenyewe, kitambaa kikambana na kumfunika pande zote, kwa kuwa yeye hana njia ya kutazama. Ndivyo tulivyombeba mama kwenda makaburini, na baba ndiye aliyeshika mti upande wa mbele.

Yeye basi tulimfunga kimgonjwa, kwa kamba za mama. Machela ilining'inia chini mno. Ilikwaruza mizizi, ikanasa kwenye miiba, na kila hatua ikayumba kushoto na kulia, na kila ikiyumba baba aling'ata ukosi wa shati lake. Tulipofika kijito cha kwanza maji yalikuwa yamejaa, na daraja letu ni gogo moja tu. Lindomar alikanyaga, akapiga hatua, machela ikayumba ikamvuta, goti lake likateleza. Mgongo wa baba uliingia majini. Alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu yeyote, na sitaki kuusikia.

Tulirudi kinyumenyume tukamshusha ukingoni.

"Kamba ndizo zinatuua," Jurandir alisema akihema. "Tukivika vitanzi kwenye mti, machela itatulia. Hivi hatuvuki."

"Zungusheni kamba," baba alisema. "Msikate."

Tukazungusha. Mti ulikuwa umelowa, kamba zikateleza na kujifungua kabla hatujafika hata kwenye gogo. Tukajaribu kufungua mafundo ya mama ili tuzitoe nzima. Yalikuwa yameumana kwa miaka na mvua ikayakaza, kucha zangu mbili zikang'oka bure. Na maadamu mafundo yalijaa kwenye kitanzi, mti haukuweza kupita.

"Baba," nikasema, "nakata."

"Leuza. Mimi bado sijafa."

"Ndiyo maana nakata."

Aliushika mkono wangu. Vidole vilikuwa vya baridi lakini nguvu bado anazo. "Nimebeba wafu kabla hujaota meno, mtoto usiye na adabu wewe. Anayefungwa hivyo najua anapelekwa wapi. Na hizo kamba ni za mama yako."

"Mgonjwa haulizwi uji," Lindomar alinong'ona akitazama pembeni.

Mimi damu yangu huchemka upesi, wala siombi radhi kwa hilo. Mama alikuwa amekufa. Baba alikuwa hajafa, na mbele yangu kulikuwa na maji. Niliutoa mkono wangu mkononi mwake, nikaweka kamba juu ya gogo na kupiga panga. Nilikata zote. Ziliangukia kijitoni zikachukuliwa na maji, nami nikazitazama zikienda mpaka zikapotea kwenye kona. Jurandir alipitisha mti kwenye vitanzi vitupu, wakainua, na kweli machela ikatulia. Kitambaa kilimfunga baba kama ganda la njegere. Walivuka gogo bila hata kuyumba.

Tangu hapo baba hakusema neno. Mvua ilianza tukamfunika na turubai, nikawa simwoni tena.

"Baba, unaumwa sana?"

Kimya.

"Baba, unataka maji?"

Kimya. Niliingiza mkono chini ya turubai nikauweka begani kwake. Bega likajivuta likaukimbia mkono wangu. Nilifurahi karibu nilie. Maiti hanuni. Njia nzima nilikuwa namgusa, naye njia nzima akawa ananikimbia, na kwa namna hiyo nilijua kwamba bado ninaye. Lakini kadiri tulivyokaribia mto, bega lile lilikuwa linajivuta polepole zaidi.

Tulifika ukingoni boti ikitokea kwenye kona. Nilimtambua Waldemir kwenye usukani kwa unene wake na kofia yake ya ukili, ambayo watu husema hulala nayo. Tulipiga kelele sote. Tulipunga mikono. Lindomar alirukaruka na mti begani mpaka kaka yake akamkaripia.

Waldemir alituona. Aligeuza uso, akaitazama machela, kisha akavua kofia akaiweka kifuani, na injini ikazimika.

Sikuelewa mara moja. Jurandir ndiye aliyeelewa.

"Mungu wangu," alisema. "Anatupa pole."

Hiyo ndiyo heshima ya mto wetu. Ukipita mahali penye maiti unazima injini, unavua kofia, unauacha mkondo ukupitishe kimya kimya. Husimami. Boti imebeba kastanya na mizigo ya watu, na maiti husafirishwa na ndugu zake kwa mtumbwi wao. Waldemir alikuwa ameona machela iliyofungwa fupi, imefunikwa, na watu watatu wanaolia ukingoni. Alifanya lililompasa.

Nilivuta turubai nikaitupa. Haikusaidia, kitambaa kilikuwa kimembana asionekane hata pua.

"Yu hai!" nilipiga kelele. "Waldemir, baba yangu yu hai!"

"Pole sana, dada Leuza!" sauti yake ilikuja juu ya maji, ya upole kabisa. "Mungu ampumzishe mzee!"

Ni mwanamke gani aliyefiwa ambaye hasemi mtu wake yu hai? Mimi mwenyewe nilisema hivyo juu ya mama, mpaka kaburini, na watu walinishika mabega wakaniambia pole, pole. Ningeweza kupiga kelele mpaka koo lipasuke na Waldemir angezidi kunihurumia. Boti ilikuwa tayari mkabala nasi, na mkondo ulikuwa unaichukua.

Nilipiga magoti matopeni, nikaweka mdomo kwenye kitambaa.

"Baba. Mimi hawanisikii. Sema kitu. Nichukie ukitaka, usiniongeleshe tena maishani, lakini sema na Waldemir. Baba, nakuomba. Sina mzazi mwingine."

Nilisikia pumzi yake, fupi fupi. Boti ilitupita. Niliona mgongo wa Waldemir na mkono wake ukielekea kwenye injini, tayari kuiwasha aende zake.

Kitambaa kikatikisika. Vidole vinne vilijitokeza kwenye ukingo, vikavuta, na uso wa baba ukatoka, mweupe kama unga, na mdomo ukafunguka.

"Waldemir!" Hata mimi sikutegemea sauti ile. "Vaa kofia, kipara wewe! Unaniumiza macho!"

Waldemir aligeuka kwa kasi, nusura atumbukie mtoni. Alijipiga ishara ya msalaba. Kisha akavaa kofia, injini ikakohoa, na boti ikaanza kugeuka kupingana na mkondo, polepole, ikija kwetu.

Ndani ya boti machela haikufika kwenye ndoano za kuitundikia, kwa jinsi ilivyokuwa fupi. Tulimlaza baba juu ya magunia ya kastanya, na machela yake tukaikunja kuwa mto wa kichwa. Mjini waliukata mguu. Alikuja kujifunza kutembea kwa magongo na kutukana kwa nguvu mpya, lakini siku ile hatukuyajua hayo. Siku ile alikuwa anatetemeka juu ya magunia na mimi nimekaa mbali kidogo, karibu na tangi la mafuta, kwa sababu sikujua kama ananitaka karibu.

Waldemir alimwachia Jurandir usukani akaja na kikombe cha kahawa. Alimwinua baba kichwa, akamnywesha.

"Mzee, nani alikufunga vile? Kidogo tu nikuache uzikwe."

"Binti yangu."

"Na wewe ukakubali?"

"Nilikataa." Baba alimeza kahawa, akavuta pumzi, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu kijitoni. "Yeye alitaka nifike."