Kiti Nilichokisifu

Mimi nashona viti vya magari, na niseme tangu mwanzo: watu wengi hawajui kukaa. Anaingia mtu karakanani kwangu, ananiambia, "Fundi, niwekee ngozi nyeusi, uzi mwekundu," halafu anataka kuniachia funguo aende zake. Wapi! Haondoki mtu. Namkalisha kwanza juu ya sponji tupu, namwambia jisogeze, pumua, kanyaga breki, kisha nachora kwa chaki alipoegemeza mgongo na alipolemeza paja. Kiti hupimwa kwa makalio ya mwenyewe. Maneno hayo nimeyaandika kwa rangi ukutani, juu ya cherehani, na wateja wakicheka nawaacha wacheke.

Sasa sikiliza ujinga wa mtu mwenye ukuta kama huo.

Mama yetu figo zimechoka. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni lazima afike hospitali asafishwe damu kwa mashine, na hospitali yenyewe iko upande wa pili wa mji. Tulikuwa tunamkodia teksi, mimi namsindikiza. Mara akaanza visingizio. Leo kichwa, kesho mvua. Akakosa mara mbili, miguu ikavimba mpaka viatu vikamkataa. Muuguzi akaniita pembeni, akaniambia bila kuzungusha, "Akiendelea kukosa mtampoteza." Nilirudi nyumbani nimenywea.

"Mama, kwani shida ni nini?" nikamuuliza.

"Hilo gari," akasema, akageukia ukutani.

Mimi na dada yangu tukaelewa, au tukadhani tumeelewa. Teksi ile ilikuwa kuukuu, viti vimebonyea, springi zinalia kila tuta. Tukakata shauri tununue gari letu kabla ya Jumatatu. Dada anafundisha watu udereva. Kutwa anazunguka mji na wanafunzi wanaokanyaga breki mpaka shingo inamuuma, lakini mpaka leo akipata gari analolipenda huwa anacheka peke yake. Mimi siendeshi. Nilijaribu mara moja, yeye akiwa mwalimu, na baada ya hapo hatukusemeshana wiki mbili.

Basi tukashinda kwenye yadi za magari siku tatu, kuanzia Ijumaa tulipomrudisha Mama kutoka hospitali. Jamani, tulibishana! Dada alianza na Mazda. Hatujatoka hata getini, ameshatabasamu. "Shika huu usukani," akaniambia. "Unawaza tu kukata kona, lenyewe limeshakata." Umbo nalo akalisifu, ati ubavuni halina mkunjo wa bure. Mimi nikapapasa mishono ya mlango, nikakiri kwamba aliyeishona alilelewa vizuri.

Kesho yake nikamkokota kwenye Peugeot. Ile inapita juu ya matuta kama inayaomba radhi, na dashibodi yake imepangwa kama kabati la vyombo vya wageni, kila kitu kinang'aa, kila kitu mahali pake. Nilikuwa tayari kuhamia humo. Dada akashuka amekunja uso, hataki ule usukani mdogo, anasema hajauzoea na hana mpango wa kuuzoea.

"Wewe unatafuta sebule," akaniambia. "Mimi natafuta gari."

"Na wewe unatafuta mashindano. Mgonjwa hapelekwi mbio!"

Mwenye yadi akajifanya anafuta kioo ambacho kilikuwa safi.

La tatu lilikuwa Volvo, rangi ya majivu, limekaa kimya pembeni, bodi imenyooka kama sanduku la seremala mwenye akili. Nikakaa mbele, upande wa abiria. Lo! Nilinyamaza, na mimi kunyamaza si kawaida yangu. Miaka ishirini na mitatu nashona viti, sijapata kukaa mahali mgongo wangu ukaniambia baki hapa hapa. Kiuno kimeshikwa, paja limebebwa, shingo imepata mto. Dada akalizungusha mjini, akarudi anasema breki zake zinaaminika na halipepesuki kwenye kona, japo haliupeleki moyo mbio. Kwake hiyo ni sifa kubwa. Tukapeana mikono juu ya boneti, yakaisha.

Siku zote hizo, kila tukirudi, tulimsimulia Mama. Yeye alikuwa anakunja nguo, anasikiliza usukani, anasikiliza mishono, haingilii. Aliuliza swali moja tu.

"Mimi nitakaa wapi?"

"Nyuma, Mama, kama waziri!" nikamjibu. "Kiti kizima chako peke yako."

"Haya," akasema.

Mimi nikaisikia haya ile kama asante. Kweli nyani haoni kundule.

Jumatatu tukamtoa kwa heshima zote. Nikamfungulia mlango wa nyuma, nikamwekea mito miwili, nikamfunika miguu na shali yake. Kisha nikapanda mbele kwenye kiti changu kile, Dada akawasha gari, tukaondoka. Njia nzima sisi wawili tulikuwa tunalisifia. Yeye ananionyesha linavyosimama kwenye taa bila kushtua mtu, mimi namweleza jinsi ngozi ya mlangoni ilivyovutwa bila kuacha kikunjo. Karibu na hospitali nikakumbuka, nikageuka.

"Vipi huko nyuma, Mama?"

"Pazuri, mwanangu."

Nikafurahi, nakwambia, utafikiri nimelitengeneza mimi.

Jumatano tulipokuja kumchukua tulimkuta ameketi kitandani na nguo za nyumbani. Mkoba wake wa hospitali bado uko msumarini.

"Leo siendi," akasema.

Hapo ndipo nilipopandisha sauti, na naona aibu kusimulia. "Mama, tumekununulia gari! Tumezunguka siku tatu kwa ajili yako! Sasa unataka nini, ndege?"

Dada akanikanyaga mguu. Mama hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alitutazama mmoja mmoja, akavuta shali akaiweka sawa.

"Baba yenu hakuniweka nyuma hata siku moja," akasema. "Tangu alipopata gari la kwanza, lile bovu, mimi nilikaa pembeni yake. Mimi ndiye niliyemwambia shimo hilo, mtoto huyo anavuka, punguza. Nilikuwa na kazi. Sasa nyinyi mnanipakia. Kwenye teksi mnanipakia, kwenye gari lenu mnanipakia. Nakaa kule natazama visogo viwili vinaongea. Juzi nimeomba kioo kishushwe mara tatu. Nani alinisikia?"

 Mimi sikusikia hata mara moja.

"Nikifika kule nafungwa kwenye mashine, natulia, maana sina budi. Lakini njiani bado niko hai, jamani." Akanigeukia mimi. "Na wewe, kiti ulichokisifu siku tatu nzima, mbona umekikalia mwenyewe?"

Nilikaa sakafuni pale pale. Ni kweli. Yale magari yote matatu, Dada alikaa kwenye usukani na mimi nikakaa pembeni yake. Mlango wa nyuma hatukuufungua hata mmoja. Na mwenye kiti tulimwacha nyumbani anakunja nguo.

"Tulidhani tunakupa heshima, Mama," Dada akasema. Alikuwa analia.

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana niliona haya kusema."

Nikatazama saa. Mashine yake ilikuwa saa tano, na ilikuwa saa tatu imepita kidogo. "Mama, naomba nusu saa," nikasema. "Nikishindwa, usiende, na sitakuuliza tena."

Akafikiri. Kisha akanyoosha mkono Dada amwinue.

Karakana yangu iko mtaa wa pili tu. Tulimkalisha kwenye kiti cha mbele, nikaona mara moja nilichotakiwa kukiona tangu kule yadini: kile kiti kilichonipokea mimi, yeye kilikuwa kinammeza. Mama yangu ni mfupi, na ugonjwa umemla. Miguu inaning'inia, dashibodi imemfika kidevuni, barabara haioni. Nikatoa chaki mfukoni.

"Jisogeze, Mama. Pumua."

"Na breki nikanyage?" akauliza. Kumbe ukuta wangu anaujua.

"Kanyaga."

Akakanyaga sakafu kwa nguvu, uso umekaza, kama kweli mbele yetu kuna lori. Dada akacheka huku anafuta machozi. Nikakata sponji ngumu ya chini, sponji laini ya juu, nikaifunika kitambaa cha pamba kisichoteleza, nikamshonea na kijimto cha kukanyagia miguu. Kwa haraka mshono mmoja ulikwenda upande, nami si mtu wa kuacha mshono ukaenda upande. Niliuacha. Nilipomrudisha kitini, macho yake yalikuwa juu ya dashibodi, yanaona mpaka mwisho wa mtaa.

"Haya," akasema. Safari hii nilimtazama usoni kwanza, ndipo nikaamini.

Dada akawasha gari. Mimi nikapanda nyuma na mito miwili.

Hatujafika mbali, Mama akanyoosha kidole. "Shimo hilo."

"Nimeliona, Mama."

"Umeliona baada ya kuambiwa. Na huyo wa baiskeli, mpe nafasi. Hivi wanafunzi wako wanafaulu kweli?"

Dada, mwalimu wa udereva miaka kumi na minne, akasema, "Samahani, Mama," wakaangua kicheko wote wawili. Nikasema na mimi neno langu la kuchekesha. Hakuna aliyegeuka. Nikalirudia kwa sauti. Mama alikuwa anamwambia Dada habari ya lile gari bovu la Baba, lililokuwa likizimika kila kilima, na mimi kwa muungurumo wa gari nikapata nusu tu ya maneno. Mbele yangu kulikuwa na visogo viwili, kimoja cheusi, kimoja cheupe. Nikaikumbatia ile mito miwili mpaka tulipoingia getini mwa hospitali.

Gari liliposimama, Mama akageuka akanitazama katikati ya viti.

"Vipi huko nyuma?"

"Pazuri, Mama."

"Mwongo," akasema, akafungua mlango mwenyewe.