Ubao wa Tatu

Kabla ya kufungua kopo la gundi, Mzee Rula alitazama saa ya ukutani akasema wana dakika kumi, basi. Zikipita hizo, kilichoshika kimeshika.

Mkwewe aliitikia bila kuinua kichwa. Aliolewa na mwana wa pekee wa mzee huyu, lakini aliyemfundisha useremala ni baba mkwe, na kwa miaka sita waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kumwona akikosea kipimo. Jina la Rula hakupewa bure.

Mbao tano nyekundu zililala mezani, zote za mti mmoja, na nyingine za rangi ile hazikuwepo tena. Zingeungwa ubavu kwa ubavu ziwe uso wa meza ya maktaba ya shule. Asubuhi mzee alishika mashine mwenyewe akachimba matundu membamba kwenye kila ubavu. Humo huingia biskuti, vijipande bapa vya mbao vyenye umbo la jani: nusu hukaa ndani ya ubao huu, nusu ndani ya jirani yake. Zikionja gundi huvimba zikajaza tundu. Mzee alizoea kutania kwamba biskuti zake hazitaki chai.

Leo hakutania. Walizichomeka, wakasukuma ubao kwa ubao, wakafunga klampu, vibanio vya chuma vyenye skrubu, na mzee akaanza kukaza.

Mkwewe alipitisha kiganja kufuta gundi iliyochuruzika. Kikajikwaa. Ubao wa tatu ulikuwa umewapita wenzake kwa unene wa sarafu, kushoto na kulia.

Alijua papo hapo. Tundu hupimwa kutoka upande wenye alama ya msalaba, na ubao huu ulichimbwa ukiwa umelala kifudifudi, msalaba ukiwa chini.

"Baba, usikaze."

"Nikikaza utashuka."

"Hautashuka. Umechimbwa kinyume."

Mkono wa mzee uliendelea kuzungusha. Mkwewe hakuwahi kumbishia hata siku moja. Akaweka kiganja chake juu ya mkono ule, akaushikilia mpaka ukatulia. Saa ilionyesha zimebaki dakika nne.

Mzee akasema basi, mbao zimeharibika. Lakini mkwewe alikuwa akipiga hesabu. Mzee huanza tundu lake la kwanza shubiri moja kutoka kila ncha, hakosi.

"Tuugeuze. Kichwa kiende miguuni, tumbo liwe mgongo. Matundu yatakutana."

"Upande ule una fundo jeusi."

"Acha lionekane, baba."

Walilegeza klampu, wakagonga kwa nyundo ya mpira. Biskuti zilikuwa zimeanza kuvimba na hazikutaka kutoka; moja ilivunjikia ndani, mkwewe akaichokoa kwa ncha ya patasi huku vidole vikinata. Wakaugeuza ubao, wakasukuma, wakakaza. Alipopitisha kiganja tena, hakikukwama popote.

Alasiri mwalimu mkuu wa shule alikuja kuangalia kazi. Mgeni aligusa fundo, akauliza kama litatoboka siku moja, akaambiwa halitatoboka, akaondoka ameridhika.

Ndipo mzee akakaa juu ya sanduku la vifaa.

"Msalaba sikuuona," alisema. "Jicho la kushoto ni moshi mtupu tangu mwaka jana. Sasa na la kulia linafuata."

Akamwomba asimwambie mumewe. Mkwewe aliutazama msumeno wa umeme, ule ambao mzee huyu alipitisha vidole kando yake kila siku, mwaka mzima, haoni vizuri. Akamjibu kwamba kesho asubuhi atampeleka kwa daktari wa macho, lakini jambo kama hili hawezi kumficha mumewe.

Mzee alibandua gundi iliyokauka vidoleni.

"Nitamwambia mimi," akasema mwishowe. "Ila uwepo."

"Nitakuwepo, baba."

Akaenda kuchomoa waya wa msumeno ukutani. Mzee hakumzuia.