Umbali Uliolingana

Kunegunda alikuwa ametimiza miaka kumi na mitatu ya kufundisha fizikia katika shule ya Mjimwema, mkuu wa shule alipomwambia kuwa Daktari Ursula, mtafiti wa nyota, anakuja kuzungumza na kidato cha sita. Akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Chuoni yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza, Ursula wa pili. Nafasi ya kusoma ng'ambo ilipotoka, mama yake Kunegunda alikuwa amelazwa hospitali ya Peramiho, naye akabaki kumuuguza. Nafasi ikaenda kwa Ursula.

Siku ilipofika, Ursula aliingia darasani akachora nyota mbili zinazogongana.

"Zikigongana hutoa mwanga, na pia mawimbi ya mvutano," alisema. "Vyote viwili hutuambia ziko mbali kiasi gani. Sasa, kama anga lina pande nyingine zaidi ya hizi tatu tunazozijua, yaani urefu, upana na kimo, mvutano ungevujia huko. Wimbi lingefika limefifia, nasi tungedhani nyota ziko mbali kuliko mwanga unavyosema."

Wanafunzi walitulia tuli. Kwa Kunegunda hawakuwahi kutulia hivyo. Akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo, Daktari, hizo pande umeziona?"

Jibu alilijua. Makala za Ursula alikuwa amezisoma zote, kwa siri.

"Hapana. Umbali wa mwanga na wa wimbi ulilingana. Nadharia niliyoihangaikia miaka minne ikaanguka."

Kunegunda akasikia utamu moyoni. Aliuonea haya, lakini hakuutema.

"Hesabu hizi alinielekeza mwalimu wenu tulipokuwa chuoni," Ursula akaongeza. Darasa zima likageuka kumtazama Kunegunda. Hilo lilimchoma kuliko yote.

Walipotoka nje, Ursula alisema, "Umeniuliza makusudi."

"Ndiyo. Ile nafasi ilikuwa yangu."

"Najua. Sijasahau."

"Wivu umenila, Ursula. Hata hiyo nadharia iliyoanguka naionea wivu. Mimi sina hata ya kuangushwa."

Ursula hakujitetea. "Vipimo vya migongano viko wazi kwa yeyote," alisema. "Nikutumie hesabu zangu?"

Kunegunda alikaribia kukataa. "Tuma."

Jumamosi akaketi chumba cha walimu, madaftari yasiyosahihishwa kayasukuma pembeni. Kufika adhuhuri alikuwa ukurasa wa tatu wa hesabu za Ursula. Akapiga simu.

"Hapa umekosea," alisema, bila huruma.

"Wapi?" Ursula akauliza, akisikika akitafuta kalamu.