Mara Tatu Kwenye Bomba

Joto lile halikubisha hodi. Jumatatu watu walikuwa bado wamejifunika makoti, na kufika Alhamisi lami ya barabarani ilikuwa inanata kwenye viatu. Miti ilikuwa ndiyo kwanza inachipua, majani yake madogo kama kucha za mtoto, hayawezi kumpa hata paka kivuli. Mablanketi mazito yalikuwa bado vitandani. Madirisha mengi yalikuwa bado yamezibwa utepe pembeni kuzuia upepo, maana kila mtu alijua kwamba baridi huondoka, kisha hurudi kuchukua kitu ilichosahau.

Mwanamke aliyeshona nguo ghorofa ya tatu aliitwa Fundi na jengo zima, hata na mumewe, ambaye alikuwa mwokaji wa mikate na alitoka nyumbani kabla ya alfajiri. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, miaka mitatu na miezi miwili. Mama yake mwokaji aliishi juu yao, kwenye chumba kilicho chini ya bati, naye ndiye aliyekaa na mtoto mchana ili cherehani ipate kulia.

Bibi alimwita mjukuu wake Mke Mwenza, na mume waliyemgombania kwa utani alikuwa mwokaji mwenyewe. Kila asubuhi Fundi alipompandisha mtoto ngazi, mlango ulikuwa haujafunguliwa vizuri, matusi yameshaanza.

"Umekuja tena, we mwizi wa waume? Mume wangu umemwacha wapi?"

"Ameenda kazini," mtoto alijibu.

"Na chai umempa?"

"Sijampa."

"Basi leo ndio naachika mimi, kwa ajili ya uvivu wako. Ingia."

Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Naye alimwita bibi yake Mke Mwenza, kwa sababu hakujua kwamba yule bibi ana jina lingine.

Kati ya chumba cha juu na chumba cha cherehani lilipita bomba la maji, jembamba, la chuma, limesimama pembeni mwa ukuta. Bibi ndiye aliyebuni kulitumia. Magoti yake hayakupenda ngazi, na simu aliichukia. Alisema inamwita kama mtu anayemdai. Kwa hiyo aligonga bomba kwa tondoo yake ya zamani ya kushonea, kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni. Mara mbili maana yake tuko salama, endelea na kazi yako. Mara tatu maana yake panda juu. Fundi alijibu kwa mkasi, mara mbili: nimesikia. Miezi yote ya baridi waliishi hivyo, na bibi aligonga mara tatu mara moja tu, siku mtoto alipojifungia kabatini.

Wiki moja kabla ya joto, bibi alimfundisha mtoto naye kugonga. Alimpa kijiko. Mtoto alikuwa hajui kuhesabu. Aligonga mara tano, mara tisa, mara ishirini, na kila aliposikia mkasi ukijibu kutoka chini alipiga kelele kwa furaha hadi Fundi akamsikia kupitia dari. Siku zile bomba halikulala. Fundi alianza kujibu bila kuinua kichwa.

Alhamisi ile alikuwa na makoti meupe ya wauguzi, kumi na mawili, na yaliyobaki yalikuwa manne. Kitambaa kilikuwa kizito na mikono yake ililowa jasho kiasi kwamba sindano ilimteleza. Alifungua dirisha, akavua soksi, akafunga kanga kifuani, akaendelea. Asubuhi, alipompeleka mtoto, bibi alikuwa amevaa sweta.

"Mama, vua hilo sweta. Nje moto."

"Joto la siku mbili hilo linanidanganya mimi? Nikivua tu, kesho nakohoa."

"Angalau ufungue dirisha."

"Limezibwa. Mwanangu akirudi atalifungua. Nenda zako, wauguzi wako watakwenda kazini uchi."

Fundi alicheka, akashuka.

Saa sita na dakika chache bomba liligongwa. Mara moja, ikapita pumzi. Mara ya pili. Ikapita pumzi nyingine, ndefu zaidi. Mara ya tatu.

Fundi alisimamisha mguu juu ya kanyagio. Alikuwa katikati ya kola, mahali ambapo ukiachia tu kitambaa kinakunjamana. Kabla hajaamua, bomba likagongwa tena, safari hii kwa fujo, kama mvua ya mawe, kah-kah-kah-kah, bila mpango wala hesabu. Kijiko.

"Haya, Mke Mwenza," alisema peke yake, akitabasamu. "Nimekusikia."

Akachukua mkasi, akagonga mara mbili, akarudi kwenye kola.

Mtoto aligonga tena. Fundi akajibu. Kimya kidogo. Mtoto akagonga. Fundi akajibu. Waliendelea hivyo zaidi ya saa nzima, mmoja juu na mmoja chini, na Fundi baadaye alikumbuka kwamba alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililokuja kumtesa kuliko yote. Alimaliza koti la tisa, akamaliza la kumi, kazi imekwenda kama maji, na moyoni alikuwa anasema kwamba leo wake wenza wamepatana kwelikweli.

Karibu na saa nane bomba lilinyamaza. Alifikiri mtoto amelala. Akapakua chakula, cha bibi na cha mjukuu kwenye sahani moja kama walivyozoea, akapanda.

Mlango ulipofunguka, hewa ya ndani ilimpiga usoni kama amefungua tanuri la mumewe. Dirisha lilikuwa limezibwa vilevile, bati juu likilialia kwa jua. Bibi alikuwa amekaa sakafuni karibu na bomba, mgongo ukutani, miguu imenyooka mbele, sweta limefungwa vifungo vyote. Kichwa kilikuwa kimeinama upande. Mtoto alikuwa amekaa juu ya mapaja yake na chupi tu, uso mwekundu, nywele zimelowa na kushikana kipajini.

"Shhh," mtoto alisema. "Mke Mwenza amelala."

Fundi hakupiga kelele. Aliweka sahani mezani, taratibu, akaisogeza isikae ukingoni. Akasema, "Mama, chakula hiki hapa." Alisikia sauti yake ikisema hivyo, sauti ya kawaida kabisa, ya kila siku. "Mama, utakula sasa hivi au nifunike?"

Kisha akapiga magoti, akamshika mkono. Mkono haukumshika.

"Alikuwa anagonga," mtoto akaeleza. "Akachoka. Mimi nikamsaidia."

Maneno yale yalimwingia Fundi na yakakaa; hayakupata pa kwenda. Alimwangalia mtoto. Aliangalia kijiko. Tondoo ilikuwa bado kidoleni mwa bibi.

Mengine yalifanyika kwa mikono yake bila yeye kuyatuma. Alimbeba mtoto, akamtia chini ya bomba la maji ya baridi, akamnywesha kikombe kizima. Alimwita jirani. Jirani akamwita tabibu. Tabibu, kijana mwenye shati lililolowa mgongoni, alipima alichopima, akasema moyo, na joto, na umri, na kwamba siku ile tayari ameshaitwa nyumba nyingine mbili kwa jambo hilohilo.

"Aliondoka haraka?" Fundi aliuliza.

"Huenda dakika chache. Huenda na zaidi. Kwa kweli siwezi kusema, dada."

Kwa hiyo hakuna aliyejua. Mtoto alijua, lakini hakujua kwamba anajua, na wiki ijayo atakuwa amesahau.

Mwokaji alifika saa kumi, unga umemganda masikioni kwa jasho. Alipanda juu, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi hakukaa kwenye kiti, alikaa kwenye kizingiti, kati ya chumba na varanda ya ngazi, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Mtoto alikuwa amelala juu ya rundo la makoti meupe.

"Dirisha," alisema. "Jana aliniambia niling'oe utepe. Nikamwambia subiri." Akafuta uso kwa kiganja, unga ukageuka uji. "Hakuugua? Hakuita?"

Hapo palikuwa na nafasi. Fundi aliiona wazi, pana, kama mlango umeachwa wazi kwa ajili yake. Angesema hapana. Tabibu hakuuliza habari za bomba, jirani hakuzijua. Mumewe alikuwa na mzigo wake tayari. Kwa nini amwongezee? Neno moja tu, na lingekuwa pia neno la huruma.

"Aliita," alisema.

Mwokaji aliinua kichwa.

"Aligonga mara tatu. Polepole. Nilizihesabu. Halafu mtoto akaanza na kijiko, nikasema ni yeye tangu mwanzo. Nikajibu mara mbili. Nikajibu kila mara, mpaka karibu saa nane. Alikuwa anaita, na mimi nilikuwa namwambia nimesikia."

Mwokaji aliangalia cherehani, akaangalia mkasi, akaangalia mikono ya mkewe, kama mtu aliyeonyeshwa vyombo vya kazi asiyoifahamu. Kisha akainuka, akaingia bafuni, maji yakasikika yakimwagika muda mrefu. Fundi alisimama palepale. Alikuwa tayari kwa lolote: kufukuzwa, kupigiwa kelele, hata kutosemeshwa mpaka uzeeni. Kitu kimoja tu hakuwa tayari nacho, kusamehewa upesi.

Mumewe alitoka kichwa kizima kimelowa. Hakumsogelea. Alirudi kukaa kizingitini, akaegemeza kichwa kwenye fremu ya mlango.

"Mimi leo sikumwona," alisema. "Nilitoka amelala."

"Najua."

"Wewe ulimwona. Niambie."

"Nimeshakwambia."

"Si hilo. Hilo nimelisikia, na sijui nitalifanyaje. Niambie siku yote. Anzia alivyoamka."

Fundi alikaa chini, upande wa pili wa chumba.

"Leo alishuka mwenyewe kufuata chai, magoti yake na yote, kabla sijampandisha mtoto," alisema. "Akaniuliza kama ulikula kabla ya kutoka. Nikamwambia hukula."

"Akasemaje?"

"Akasema una kichwa kigumu kama baba yako."

"Halafu?"

"Halafu akakaa pale ulipokaa wewe, akanywa chai yote, akaomba nyingine."